Pindo la Zuhra

Kila alfajiri, kabla jirani yeyote hajafungua mlango, Mzee Halfani alijifunga khanga ya marehemu mkewe juu ya suruali, akatia vipande vya makopa kwenye pindo la kiunoni, akatoka uani kwenda kukumbatiwa na punda.

Ndiyo, punda. Cheka tu; hata yeye angecheka kama ingekuwa habari ya mtu mwingine. Punda alimjia mbio, akazamisha kichwa chake kizito tumboni mwa mzee, akasukuma, akanusa, akalipekua pindo kwa midomo mpaka vipande vya muhogo mkavu vikatoka. Halfani alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukuta wa jiko, akabaki pale amefumba macho. Khanga ilikuwa bado na harufu ya moshi na mafuta ya nazi. Kwa muda ule mfupi, kulikuwa na kiumbe mwingine duniani aliyeamini kwamba Zuhra yupo.

Zuhra alikuwa amefariki mwaka uliopita, mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua. Alimwachia mumewe nyumba hapa Kitangari, shamba, binti mmoja aliyeolewa Masasi, na punda huyo. Alimpata angali kitoto, mama yake amekufia njiani kwenye lori lililowaleta kutoka Dodoma, akamlea kwa uji jikoni kwake. Akamwita Bwana Mdogo, ili Halfani ajue kwamba amepata mwenzake. "Bwana Mkubwa, subiri kidogo," alikuwa akisema, sahani ya ugali i mkononi, "Bwana Mdogo hajala." Kitoto kilipoanza kutafuna, akakifundisha kutafuta makopa kwenye pindo la khanga. Kikawa kinazamisha pua kiunoni mwake, kinasukuma, naye anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kila apitaye alicheka pia. Nani angewaza kwamba kitoto kitakua?

Kikakua, loo! Sasa Bwana Mdogo alibeba madumu manne ya maji kutoka bondeni, akaupanda mlima bila kuhema, kwa maana bomba la Kitangari lina tabia zake: leo linatoa, kesho linakohoa tu. Ukiwa umevaa suruali, hana neno nawe. Atakufuata kwa adabu zote. Ila akiona khanga imefungwa kiunoni, adabu kwaheri. Siti, jirani yao, alishasukumwa mpaka kapu la mchicha likamwagika. Alimtukana punda na ukoo wake wote, kisha akakumbuka ni punda wa nani, akamwomba radhi marehemu.

Halfani aliyachukulia hayo kama vituko. Mpaka binti yao, Swaumu, aliporudi.

Kwao, mimba ya kwanza hurudi nyumbani, mama amshike mwanawe mkono. Wakwe wa Masasi walisema kwa kuwa mama hayupo, basi abaki huko. Halfani akapiga simu mwenyewe: "Nyumba haijafa. Aje." Akaja, tumbo limetangulia, miguu imevimba kwa safari. Alishuka kwenye bajaji mlangoni, khanga kiunoni, akafungua mikono kumsalimu baba yake, "Shikamoo Ba—" na Bwana Mdogo akawa ameshafika.

Hakuwa na nia mbaya, maskini. Alizamisha tu kichwa palepale alipozoea, akasukuma. Swaumu alirudi nyuma, akajikwaa, akaanguka chali juu ya gunia la pumba lililokuwa kando ya mlango. Gunia lile ndilo lililomwokoa. Zahanati walimpima, wakasema mtoto anacheza vizuri, lakini usiku huo Halfani hakula kitu.

Kesho yake mkwe wake, Khalidi, alipiga simu kutoka Masasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, mimi sikufundishi kuendesha nyumba yako. Lakini punda aondoke, au nije nimchukue mke wangu."

Mnunuzi hakuwa mbali. Gervas, jirani wa upande wa pili, alikuwa akifyatua matofali Mkunya na alimtaka punda huyo siku nyingi. "Mimi nitampa fimbo mbili, Baba Swaumu, adabu itarudi," alisema. Halfani alimjua Gervas si mtu mbaya, ila aliwajua pia punda wake, vidonda vyao vya mgongoni.

"Nipeni siku chache," aliwaambia wote wawili. "Nitamfundisha."

Swaumu akakaa ndani kama mwali, akichungulia uani kupitia dirishani, na baba yake akaanza kazi. Alijaribu kwanza akiwa na suruali yake, akakuta hakuna cha kufundisha. Punda alisimama kando yake kama bwana harusi. Ikambidi avae khanga, tena mchana kweupe. Kijiji kikapata sinema ya bure.

"Baba Swaumu!" Gervas alipaza sauti kutoka kwenye ua wake. "Ndiyo unachezwa unyago uzeeni?"

"Kaza hilo fundo, Mama Halfani!" akadakia Siti. "Usije ukatuaibisha!"

Halfani alitabasamu akaendelea. Makopa sasa yaliwekwa kwenye sufuria kuukuu chini, mbali na kiuno cha mtu. Punda akisogea, mzee aliinua kiganja mbele ya kifua chake, akasema, "Rudi." Punda asiporudi, yeye mwenyewe alimsogelea, kifua mbele, akitikisa kamba mpaka mnyama akavuta nyuma hatua moja. Hapo hapo Halfani akalegeza kamba na mabega, akamwacha apumue. Urefu wa mkono mmoja, hapo ndipo mpaka. Akisimama hapo bila kuvuka, ndipo mtu amfuate, amkune shingoni. Mtu ndiye anayemfuata, si yeye anayemfuata mtu.

Bwana Mdogo hakuwa mjinga. Kufikia jioni alikuwa amesimama mpakani mara kadhaa, masikio mbele, akiulizia mambo. Lakini kesho yake asubuhi alikuwa amesahau yote. Na siku iliyofuata vilevile. Gervas akatikisa kichwa, akasema kichwa cha punda ni jiwe.

Kichwa cha punda hakikuwa na kosa. Kila alfajiri Halfani aliendelea kutoka uani na makopa kwenye pindo. Alijiambia ni mara ya mwisho. Alijiambia hivyo kila siku.

"Baba."

Alishtuka kama mwizi. Swaumu alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mkono mmoja tumboni. Punda alikuwa ameegemeza kichwa chote kiunoni mwa mzee, na mashavu ya mzee yalikuwa yamelowa.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu arobaini ya mama yako."

"Kwa hiyo mchana unasuka, alfajiri unafumua."

Halfani alimwondoa punda taratibu, akamfunga kwenye nguzo, akabaki akiichezea kamba. Hakuzoea kuzungumza mambo ya moyoni na binti. Hayo yalikuwa ya Zuhra, na Zuhra alikuwa akimpelekea yeye yaliyochujwa.

"Mwanangu, huyu hajui kwamba mama yako hayupo," alisema hatimaye. "Ninyi wote mnajua. Mkiniona mnanipa pole. Huyu hanipi pole, huyu anamtafuta. Nikimfundisha aache, nitabaki peke yangu ninayemtafuta."

Jogoo wa Siti aliwika, akajibiwa na mwingine mbali.

"Siku ile aliponisukuma," alisema Swaumu, "kabla sijaogopa, nilifurahi. Nilijiona nimepokelewa na mama. Ndipo nikakumbuka tumbo." Akaegemea mwimo wa mlango. "Peke yako, Baba? Mimi namtafuta kila siku. Nikikosea chumvi namtafuta. Huyu akicheza humu ndani, mtu wa kwanza ninayetaka kumwambia ni yeye. Hujawahi kuniuliza."

Maneno yalimwingia. Ilikuwa kweli. Mwaka mzima alikuwa amempelekea punda kilio chake, akadhani anamwonea huruma binti kwa kutomgusa alipoumia. Alikuwa amemwalika nyumbani, akamfungia ndani, yeye mwenyewe akawa nje anakumbatiana na mnyama. Aliona haya, na chini ya haya kulikuwa na kitu chepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo asiojua kwamba ulikuwa mzito hivyo.

"Basi niambie mimi," alisema. "Akicheza, niambie mimi."

"Anacheza sasa hivi."

Wote wawili wakacheka, cheko la watu waliotoka kulia.

"Njoo nikufunge vizuri," alisema Swaumu. "Mama hakuwa anafunga hivyo. Umejifunga kama gunia." Akaifungua khanga, akaikung'uta, makopa yakadondoka chini, akaifunga upya kwa mikono ile ile ya mama yake, vidole vifupi, haraka haraka. "Haya. Humu hamna kitu."

Halfani akamfungua punda. Bwana Mdogo akaja kama kawaida yake, kichwa chini, mwenye haki zote. Mzee akainua kiganja, na kwa mara ya kwanza akasema neno lile akilikusudia.

"Rudi."

Punda akasukuma. Halfani akamsogelea kwa kifua, hatua moja, ya pili, ingawa kila hatua aliiona kama mlango anaomfungia Zuhra usoni. "Rudi, baba. Rudi." Punda akarudi. Akasimama urefu wa mkono, akamtazama kwa macho yale meusi, akapiga chafya. Halfani akalegeza mabega. Akamfuata, akamkuna chini ya masikio, na akageuka kumwangalia binti yake mlangoni kabla hajageuka kumwangalia punda tena.

Baada ya hapo hakufumua tena. Siti alijitolea kupita uani na khanga yake kila siku, akirusha matusi ya mapenzi, naye punda akasimama urefu wa mkono. Khalidi aliambiwa, hakuamini, akasema tutaona.

Wakaona asubuhi moja ya msimu wa mabibo. Uchungu ulikuwa umeanza, bajaji imeitwa, na Swaumu, kwa kuwa kukaa hakukaliki, alitoka uani kutembeatembea. Halfani alikuwa upande wa pili akiteremsha maji, dumu lililojaa katika kila mkono, na punda tayari hana kamba. Uchungu ukamkamata Swaumu katikati ya ua, akainama, khanga kiunoni. Bwana Mdogo akainua masikio, akaanza kwenda kwake kwa mwendo wa haraka.

Halfani alitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Madumu yalimtoka, maji yakamwagika miguuni.

Punda akasimama.

Urefu wa mkono, si zaidi. Shingo mbele, pua zinacheza, miguu imeganda. Swaumu aliinua uso uliojaa jasho, akamwona. Akapumua. "Njoo," alisema. Ndipo punda akasogea hatua moja, polepole, na Swaumu akajitupa juu ya shingo yake, akazika uso kwenye manyoya, akaunguruma mpaka uchungu ukapita. Bwana Mdogo hakutikisa hata mkia.

Bajaji ilipofika, Siti akapanda naye. Swaumu alitoa mkono nje. "Baba, ile khanga ya mama. Nataka ndiyo impokee mtoto."

Halfani aliifuata ndani, akampa, bajaji ikaondoka na vumbi lake.

Alibaki uani na shati lake na suruali yake, katika tope la maji aliyoyamwaga. Bwana Mdogo alikuwa palepale, mpakani, akimtazama. Halfani akangojea asukumwe. Hakuna aliyemsukuma. Basi akapiga hatua yeye, akaegemeza paji la uso wake kwenye paji lile pana la mnyama.

"Zuhra amekufa, Bwana Mdogo," alimwambia. Hakuwahi kulisema neno hilo kwa mdomo wake.

Wakakaa hivyo, jua likapanda juu ya mikorosho, Gervas akachungulia akaondoka bila mzaha. Simu ililia mfukoni saa za adhuhuri. Ilikuwa Siti, anaongea na kucheka kwa pamoja, haeleweki, na nyuma yake sauti mpya ikipiga kelele kwa hasira zote za aliyetolewa mahali pa joto. Halfani aliisikiliza sauti ile ndogo. Kisha akaishusha simu polepole, akaiweka kwenye lile sikio refu, ili naye asikie.