Ufito Wangu wa Makuti

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Msimbati nzima wanajua. Basi nisikilize nikueleze ujinga wangu.

Marehemu mama aliniachia mikorosho tisa. Mmoja aliupanda mwaka niliozaliwa, na kitovu changu kimezikwa chini yake. Tulipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa kule barabarani, shamba likabaki nyuma, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kisha mwenyekiti wetu, Salumu, akatangaza mkutanoni: mikorosho isiyozaa msimu huu itakatwa, palimwe mihogo ya kijiji.

"Ndugu Mwanahawa, ya kwako umeiona?" akaniuliza mbele ya watu.

Nisiione nina upofu? Machipukizi yalikuwa yakitoka mazuri, wiki ya pili meusi, yamekauka kama yaliyobabuliwa na moto. Nikaenda adhuhuri, nikatazama juu. Majimoto! Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wamejaa kwenye machipukizi yale yale. Na kila mwaka wananing'ata nikichuma mabibo. Nikasema, leo nimewakamata, washenzi nyie.

Carlota, jirani yangu wa shamba, aliyevuka Ruvuma na mumewe wakikimbia vita, alinikuta nafunga makuti makavu kwenye ufito. Yeye majimoto wake aliwatandikia kamba toka mti hadi mti ili wapite. Nilikuwa namtania: wenzio wanafuga kuku, wewe wafuga sisimizi!

"Dada, usiwachome," akasema. "Hao ni walinzi. Mwizi huja alfajiri."

"Mwizi nimemwona kwa macho yangu. Kafuge wako."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilichoma siku tatu, kiota baada ya kiota, nikiwasikia wakipasuka, na roho yangu ikaburudika.

Maua yalipotoka yakakauka yote. Yote! Mikorosho tisa, hata korosho ya kutafuna njiani hamna. Ndipo siku moja nikatoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, nikafika shambani kunapambazuka. Nikamwona. Mdudu mwembamba, mwekundu, ana kijiti mgongoni mfano wa pini, amechomeka mdomo kwenye chipukizi anafyonza. Mbu wa mikorosho. Wengi, wametulia kama wako kwao. Jua lilipopanda wakajificha ndani ya majani. Kwa Carlota nilimwona mmoja tu, tena maiti, majimoto wanamburuta.

Nililia, wallahi. Nikamwendea Carlota nikijua atanisema. Hakunisema. Alinikatia matawi yenye viota sita, akayatia kwenye gunia, akasema tu, "Pole, dada." Nikayafunga kwenye mikorosho yangu, na kamba nikatandika. Haukupita mwezi, mti wa kitovu changu ulichipua. Machipukizi manne, safi, hayana hata doa.

Nikakimbia kwa Salumu. "Mwenyekiti, nakuomba mwaka mmoja tu. Dawa yake nimeipata, ni majimoto!"

"Ndugu, ungeniletea korosho ningekusikiliza," akasema. "Umeniletea sisimizi?"

Walikuja Jumatatu na mashoka, wakaanza na mti ule ule. Gaudensi, mwenye shoka la kwanza, alipiga mara mbili tu. Majimoto wakamshukia shingoni, kwapani, ndani ya shati. Akatupa shoka, akaruka huku na huku akitukana. Wenzake wakakimbia. Mimi nikacheka mpaka nikakaa chini. Wang'ateni, wanangu! Kwa mara ya kwanza mwaka ule niliona mti wangu utapona.

Salumu akasimama mbali, anajikuna. "Hawa wanaondolewaje?"

"Si Mwanahawa anajua?" akasema Gaudensi. "Wa mwanzo aliwachoma mwenyewe."

Wakatazama kibanda changu cha pale shambani. Ufito wangu ulikuwa bado umeegemea ukuta, makuti yakiwa yamebaki nusu. Gaudensi akauchukua, akaomba kiberiti.