Uwanja Uliofagiwa

Mwanaima alihama nyumba mara sita katika miaka kumi na moja, na kila alipohama alibeba vitu vilevile: godoro, ndoo mbili, sufuria ya mawese, na binti yake Shukrani. Mara ya sita Shukrani naye alikuwa na mtoto mgongoni. Chumba walichokuwa wamepanga sasa, pale Buzebazeba, kilikuwa kimeuzwa pamoja na nyumba nzima, na mwenye nyumba mpya alishawaambia kwa upole, upole ule wa mtu asiyebadili neno, kwamba atawavumilia miaka miwili, na mwisho wa mwezi wa saba wa mwaka wa pili anataka kuta zake. Kwa hiyo ziliposikika habari za nyumba za kupanga za bei nafuu, vyumba sitini na vinne, maji ndani, choo ndani, kipaumbele kwa wakazi wa kata, Mwanaima alizidaka habari hizo kwa mikono miwili.

Na akidaka jambo haliachi. Hilo hata wasiompenda hukiri. Alikuwa mwenyekiti wa kina mama wanaoanika dagaa pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, wanawake thelathini na wanane, na mwaka mzima aliwavuta wote kuelekea ule mradi. Alipita mlango kwa mlango na fomu. Aliwakemea waliosema hizi ni porojo za uchaguzi. Ritha, shoga yake wa tangu ujana, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwa jirani wa tatu, alikataa katakata kujaza fomu; yeye na vyumba vya vigae wapi na wapi. Mwanaima akashinda naye kutwa nzima mpaka akajaza. Alimwambia, "Wewe mwanamke utazeeka unachota maji ya watu. Andika jina lako hapo." Ritha akaandika.

Basi siku moja Kalisti, mwenyekiti wa mtaa, akaleta taarifa kwamba afisa mipango miji anakuja kukagua ardhi. Watu wote walijua nyumba zitajengwa juu, ng'ambo ya barabara, kwenye magofu ya ghala la zamani. Hivyo ndivyo ilivyosemwa kwenye mkutano wa kwanza, na hakuna aliyesikia vingine. Kalisti akaongeza tu kwamba afisa atapenda kushuka na huku chini, kwenye uwanja wa kuanikia, apaone.

Uwanja wenyewe haukuwa wa mtu. Ule wa asili, kule ufukweni, ulimezwa na ziwa miaka ile maji yalipopanda na kukataa kurudi. Kina mama wakapanda na vichanja vyao vya kuanikia mpaka kwenye lile eneo la wazi juu kidogo ya mwalo. Hakuna aliyewapa, hakuna aliyewafukuza. Juu yao kuna nyumba za watu na korongo, chini yao kuna maji. Pakiondoka hapo, hapana pengine.

Sasa, mgeni anakuja, na mgeni mwenyewe ni wa serikali, na Mwanaima ni mwanamke aliyelelewa. Mtu aliyelelewa hampokei mgeni kwenye magamba ya samaki. Ilikuwa siku za mbalamwezi, siku ambazo wavuvi hulala majumbani kwa kuwa mwezi ukiwaka dagaa hawazifuati taa, na dagaa wasipokuja hakuna cha kuanika. Vichanja vilisimama vitupu. Mwanaima akawaamsha wenzake alfajiri. Wakang'oa vichanja vyote, wakakunja nyavu na maturubai, wakaenda kuvificha nyuma ya nyumba ya Ritha. Wakafagia kwa chelewa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, wakamwaga maji na majivu kuua harufu, wakafagia tena. Jua lilipochomoza uwanja ulikuwa mweupe, na mistari ya fagio imelala juu yake kama kitambaa kilichopigwa pasi. Walisimama wakautazama kwa fahari. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Afisa alikuwa kijana aitwaye Bariki, mtoto wa kijiji cha Simbo, kwao wakulima wa maharage na mihogo, mpole, viatu vyake vimejaa vumbi. Alisema shikamoo kwa kila mwanamke aliyemwona, na Mwanaima alipomsalimu kwa Kiha, "Mwakeye," akaitikia huku akicheka kwa haya. Alipiga picha nyingi. Kisha akauliza, "Mama, hapa huwa pana shughuli gani?"

Hapo ndipo pa kumpiga mtu kofi, lakini ni nani angempiga Mwanaima kofi siku ile? Alikuwa hataki kumtajia mgeni habari za matumbo ya samaki na nzi. Aliona ni aibu. Akajibu kama mtu anayekaribisha sebuleni kwake: "Hapa ni pasafi, mwanangu. Unapaona mwenyewe." Halafu akamchukua akamlisha samaki wa mgebuka na ugali wa muhogo, na kijana akala akasifu.

Ikapita miezi mitatu. Mkutano wa mwisho uliitishwa katika darasa la shule ya msingi, kabla faili halijapanda kwenye kamati ya kuidhinisha. Kina mama walikuja wote thelathini na wanane, na kanga zao nzuri, wakajibana kwenye madawati ya watoto. Shukrani alikaa kando ya mama yake akimnyonyesha mtoto. Bariki alikuwa ametundika shuka ubaoni, akawasha projekta.

Alianza na kule juu. Korongo, alisema, linaendelea kula ardhi ya ghala kila masika, na wahandisi wamekataa kabisa kujenga pale. Kwa bahati nzuri tangu mwanzo walikuwa na kiwanja cha pili. Akabofya, na picha ikatokea kwenye shuka.

Wanawake wakapiga makofi. Ulikuwa uwanja wao, mweupe, umefagiwa, mistari ya fagio inaonekana mmoja mmoja. "Tazama usafi huo," Ritha alisema, na darasa zima likacheka. Mwanaima naye alicheka. Alicheka kwa pumzi tatu nzima kabla kichwa hakijafika pale macho yalipokuwa yameshafika.

Bariki akabofya tena. Juu ya ile picha ikaja michoro ya majengo manne, ya kukamilika ndani ya mwaka, ya rangi ya kijivu, yamekaa uwanjani toka ukingo hadi ukingo. Chini pameandikwa: eneo wazi, halina matumizi. Na chini ya hapo tena, kijana akasoma kwa sauti yake ya upole, "Mwenyeji wetu Bibi Mwanaima, kiongozi wa kina mama, alitutembeza na kutuhakikishia hali ya eneo."

Masikio yalimziba Mwanaima kama ya mtu aliyezamishwa. Alisikia kwa mbali Bariki akieleza kwamba tangazo la siku thelathini lilibandikwa ofisi ya kata, kiwanja namba mia moja na kumi na nne, kitalu C, na kwamba leo ndiyo siku ya mwisho ya pingamizi. Alikuwa amelisoma tangazo hilo. Alilisoma akiwa amesimama pale ofisini, akafurahi, akawatangazia wenzake kwamba mambo yanakwenda. Nani pale mwaloni aliyewahi kuuita uwanja wao mia moja na kumi na nne?

Akasimama. Dawati likaanguka nyuma yake.

"Mwanangu, nilifagia," alisema.

Bariki hakuelewa. Akamwomba arudie.

"Pale ndipo tunapoanika dagaa. Wote hawa unaowaona. Ulikuja siku za mbalamwezi, tukaviondoa vichanja ili upakute pasafi, kwa sababu wewe ni mgeni. Mimi ndiye niliyewaambia wafagie. Kosa ni langu. Lakini pale pana kazi, na ukijenga hatuna pa kwenda."

Kijana alibadilika uso. Aliitazama picha kwenye shuka, akamtazama Kalisti aliyekaa mbele, na Kalisti akainamia simu yake kama aliyepokea msiba. Hatimaye Bariki akasema, taratibu, kwamba kama eneo linatumika basi yeye ameandika uongo bila kujua, na hawezi kulipeleka faili hivyo. Litarudi mwanzo. Na kwa kuwa mwaka wa serikali unaisha wiki mbili zijazo, fedha hazitasubiri; zitakwenda wilaya nyingine yenye kiwanja tayari.



"Ila siwezi kuandika kwa neno la mtu mmoja, mama," akaendelea. "Kamati itaniuliza watumiaji ni kina nani. Naomba wanaoanika pale wanyooshe mikono, niwahesabu."

Mwanaima akanyoosha wake, juu kabisa, akageuka kuwatazama wenzake.

Wanawake thelathini na saba walikuwa wamekaa. Hakuna mkono. Wengine walitazama sakafu, wengine walitazama majengo manne ya kijivu kwenye shuka. Alidhani hawajasikia. Akamtafuta Ritha, akamwona, na Ritha, kicheko chote kimemwisha, akasema kwa sauti ya chini, "Umenishindisha kutwa nzima nijaze ile fomu, Mwanaima. Mimi nimeshakiota hicho chumba. Dagaa tutaanika popote."

"Popote wapi, Ritha?"

Ritha alijua, kama wote walivyojua, kwamba hapana pengine. Na Mwanaima alishtuka kuliko alivyoshtushwa na ile picha. Wanawake hawa walikuwa naye maji yalipokuja. Walibeba vichanja pamoja, maji ya kiunoni. Sasa walikuwa wakimtazama kama mtu aliyesimama mlangoni kwao na kuwazuia kuingia, na mlango wenyewe ni yeye aliyewaonyesha.

"Mmoja," Bariki alisema, bila kufurahia. "Nasubiri kidogo."

Mkono ulianza kumuuma Mwanaima begani. Alisikia dawati likilia kando yake. Shukrani alikuwa amesimama, mtoto kwenye mkono wa kushoto, nalo titi bado liko nje, hajajali kujisitiri. Binti huyu alianza kuanika dagaa akiwa na miaka tisa. Mwanaima alivuta pumzi akingoja mkono wa pili upande, na kweli mkono wa Shukrani ukapanda, ukafika kwenye kiwiko cha mama yake, ukakishika.

"Mama," alisema, kwa sauti ya kumtosha yeye tu, "mwisho wa mwezi wa saba mwakani nitamlaza wapi huyu?"

Akaanza kuuvuta mkono wa mama yake chini. Hakuuvuta kwa nguvu. Mwanaima alikuwa mwanamke wa kubeba magunia, na kama angekaza msuli mmoja tu binti yake asingeweza. Alingoja kuuhisi mkono wake ukikaza. Uliteremka wenyewe, ukatulia pajani, na Bariki akauliza mara ya mwisho kama kuna pingamizi.