Pakiti ya Mzee Rangel

Mzee Rangel alikuwa ameshatoka na dawa yake ya moyo ndipo Zdravka, mfamasia, aliposhtuka. Aliandika nini kwenye pakiti: nusu kidonge au viwili? Hakukumbuka. Ugonjwa wa neva, uliomwandama mwaka wa sita sasa, ulikuwa umeanza kumfutia hata mambo ya dakika moja iliyopita.

Aliacha duka la dawa wazi, akakimbia huku akiburuta mguu hadi kwenye basi la kijijini, lililokuwa limeshawasha injini. Akagonga mlango kwa viganja vyote viwili, dereva akamfungulia.

"Binti, mbona mbio hivyo?" Mzee Rangel akacheka kutoka kiti cha mbele. "Umenifuata kwa posa?"

"Nipe hiyo pakiti, mzee wangu. Tafadhali."

Ilikuwa imeandikwa viwili. Akalikata neno hilo kwa kalamu, akaandika nusu, kisha akasema abiria wote wakisikia: "Ninaumwa. Kichwa kinanipotea. Ungekufa kwa mkono wangu."

Mzee akaisoma pakiti kwa sauti. "Nusu. Mwezi ujao tutasoma sote wawili, mimi na wewe."

Zdravka akarudi dukani, akampigia mwenye duka simu ya kumwambia kuhusu ugonjwa wake, aliyokuwa akiiahirisha tangu majira ya baridi.