Mzigo wa Ngollo

Mwalimu Bertila alikuwa amemwahidi Ndugu Alois, afisa utamaduni, ngonjera ya kusifu vijiji vya Ujamaa. Hakumpa. Siku ya Saba Saba, katika ukumbi wa sinema wa Mzee Premji pale Gongoni, wasichana wake wa chuo cha ualimu walipanda jukwaani pekupeku, wamefumba vinywa.

"Sauti!" wakapiga kelele vijana wa nyuma, kama walivyozoea filamu inapoharibika. "Premji, rudisha sauti!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bertila, aliyekaa pembeni na ngoma, hakucheka. Alikuwa akiwatazama Mzee Masele na mkewe Benedikta, waliokaa mbele. Walitoka Nzega kuja kumchukua binti yao Ngollo. Mchumba alishapatikana, na basi la kurudi Nzega lingeondoka kesho yake asubuhi. Ngollo alibakiza mwaka mmoja tu awe mwalimu. Alishamsihi baba yake, akalia, hata akamtuma padri amwombee, bila mafanikio. Ndipo Bertila alipomwambia, "Basi, tusiseme tena."

Akaipiga ngoma kwa mwendo wa msafara, kama wa wapagazi wa zamani walioshika njia ya pwani. Wasichana wakatembea wamepinda migongo. Ngollo alikuwa na sanduku la bati kichwani, na kila aliyempita alimwongezea kitu juu yake: jembe, sufuria, kuni. Wa mwisho akamfunga mgongoni bunda la nguo mfano wa mtoto. Shingo ikaanza kumtetemeka. Kule nyuma hakuna aliyedai sauti tena.

Ngoma ikanyamaza. Hapo, kama walivyofanya mazoezi, Ngollo alipaswa kuanguka. Hakuanguka. Alikwenda hadi ukingoni mwa jukwaa, akasimama mbele ya wazazi wake, mzigo ungali kichwani.

Unyamwezini mtu hasimami mbele yako na mzigo, nawe ukabaki kumwangalia tu. Unamtua kwanza, salamu baadaye. Na ukishamtua, safari yake imekoma kwako, humrudishi njiani.

Benedikta akainuka.

"Kaa chini," akanong'ona Masele. "Ni mchezo tu."

"Mtoto ana mzigo, baba Ngollo."

"Nakwambia ni mchezo!"

"Na shingo yake nayo inacheza?"

Akapanda jukwaani, akanyoosha mikono, akaushusha mzigo wote mpaka sakafuni. Kisha akalifungua lile bunda mgongoni, akalitupa kando. Vigelegele vikapasua ukumbi.

Nje, Mzee Masele alimkuta Bertila akikunja vitenge.

"Umefurahi? Mama yake amemtua mbele ya mji mzima! Nikimpandisha basi kesho, nitapita wapi? Nitarudi Nzega peke yangu. Sasa wewe uliyepiga ngoma, niombe radhi."

"Mwombe mzee, yaishe," Ndugu Alois akadakia. "Na mimi pia uniombe. Ngonjera yangu iko wapi?"

Bertila aligeuka. Kule mlangoni Ngollo alikuwa amekalia sanduku lake, mama yake akimkanda shingo, wote wawili wakicheka kwa jambo ambalo hakulisikia. Akarudi kwa Mzee Masele, akapiga goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, radhi."

Bertila akasimama, akajifuta vumbi gotini.

"Shikamoo nimekupa, mzee. Radhi siombi."