Mrithi wa Koti la Daktari Byabato

Siku ya usaili, Eufrazia alifika hospitalini kule Muleba kabla hata ya wafagizi. Nafasi ilikuwa moja tu, ya yale mafunzo ya mwaka mmoja ambayo daktari asipoyapata hapewi leseni, hata shahada yake aitundike ukutani.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya Daktari Byabato, aliyezikwa mwezi uliopita kwenye kibanja cha baba yake huko Ngenge. Byabato alikuwa bado anakuja kazini. Kila asubuhi aliingia na udongo wa migombani kwenye viatu, na wauguzi hawakuwa na neno naye, ila kwamba alichafua sakafu.

"Umehitimu lini, mwanangu?" aliuliza mganga mkuu, mzee Rutashobya.

"Mwaka wa tatu sasa, mzee."

"Muda wote huo ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nauguza kaka zangu. Huu ugonjwa wa Juliana, huu ukimwi, umewamaliza wote."

"Pole sana. Lakini aliyezidisha miaka miwili hatumchukui. Mkono unasahau."

Eufrazia aliutazama mkono wake. Usahau vipi, na kila siku ulikuwa ukichoma sindano? Lo!

Hapo Byabato akaingia. Alivua koti lake jeupe akamvika Eufrazia, akamkalisha kwenye kiti chake, kama mrithi anavyokalishwa siku ya kuanua matanga.

"Huyu ndiye mrithi wangu," alisema. "Waitu, ndugu zangu, nimechoka. Niacheni nikalale."

Mambo ya matanga hayana mzaha. Matroni Bernadina alipitisha kahawa ya kutafuna, wakatafuna wote, na marehemu naye. Eufrazia akaanza kutumaini, maskini.

"Kiti ni chako, hakuna wa kukuinua," alisema Rutashobya. "Ila nafasi ni ya Byabato. Amekufa, ni kweli, lakini amehitimu mwaka jana."

Byabato akanyoosha mkono, akarudishiwa koti.

Nje wagonjwa walikuwa wamejaa hadi uani. Eufrazia alikuwa na hasira ya kulia, lakini alikuwa ameshakalishwa, na mrithi hakimbii kiti. Vidole vya Byabato vilikuwa baridi, havisikii tena mapigo ya mtu. Basi Eufrazia akawa anawapima wagonjwa na kutaja dawa, Byabato anaandika na kutia sahihi.

Jioni mama mmoja wa Kimwani alimshukuru sana daktari kwa kumwokolea mtoto. Kisha akamgeukia Eufrazia.

"Binti, hebu futa huo udongo, watu wasije wakateleza."

Eufrazia akachukua tambara.