Zamu ya Kusalimu

Siku hizo jeshi lilipokuwa limeshika nchi, mtu aliyeonekana akikimbia Kampala alikuwa ama mwizi ama anakimbizwa. Abdulghani, mwenye duka la vitambaa kule Kisugu, alikimbia kwa kupenda tu, na mkewe Shamsia alilihesabu jambo hilo kuwa nusu ya wazimu. Kila Jumamosi asubuhi yeye na wenzake wachache walianzia Kyambogo, wakapanda Kireka na kupita chini ya lililokuwa jumba la Kabaka, mfalme wa Waganda, kisha wakashika vijia vya mashambani, kijiji baada ya kijiji, mpaka Namugongo, mahali ambapo zamani watu waliuawa kwa ajili ya dini zao, Waislamu kwanza, Wakristo baadaye.

Sasa, kwenye mashamba ya Waganda hupiti hivi hivi kama upepo. Mtu akiinua mgongo kutoka kwenye jembe lake, umpe pole ya kazi, umuulize nyumbani, watoto, migomba, naye akuulize yako yote, na haraka zako uziweke mfukoni. Ndiyo maana wakimbiaji wakapeana zamu. Mmoja husimama kusalimu kwa niaba ya wote, halafu huwafukuza wenziwe mpaka awapate.

Dawudi peke yake hakusalimu. Alijitokeza tu Jumamosi moja, akasema anakaa Bwaise, na miguu alikuwa nayo, hilo hakuna aliyebisha. Lakini zamu yake ikifika alikuwa akiinama kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Kiganda hakijui. Kiswahili anakijua, lakini cha kambi za askari. Tena alipenda kuuliza njia: hii inatokea wapi, na ile, inafika Mukono bila kugusa barabara kubwa? Abdulghani alikuwa akimjibu vizuri tu, kisha siku moja akajiuliza anamjibu nani.

Yote hayo yangepita kama si ulimi wa Abdulghani mwenyewe. Majuma machache nyuma, wakipanda Kireka, alimwambia Owuor, fundi wa reli kutoka Kisumu, kwamba nchi imeangukia mikononi mwa watu ambao hata mbuzi usingewapa wachunge. Kugeuka, Dawudi huyo hapo nyuma, hatua mbili. Hakucheka wala hakununa. Tangu hapo Abdulghani hakuujua usingizi. Jirani yake kinyozi alichukuliwa mchana kweupe kwa neno dogo kuliko hilo, na mpaka leo mkewe hajui akae eda au aendelee kungoja. Gari likipunguza mwendo mbele ya duka, Abdulghani alipima kitambaa kile kile mara mbili na bado akakosea.

Owuor alijaribu kumtuliza. Kama Dawudi ni mtu wao, mpelelezi wa jeshi, alisema, mbona hadi leo Abdulghani hajaguswa? Abdulghani akamjibu kwamba wanangoja kwanza wawajue rafiki zake. Kikulacho ki nguoni mwako, na mtu akishaanza kuwashwa, kila uzi wa nguo huwa ni chawa.

Jumamosi iliyofuata, karibu na Namugongo, wakakuta askari wawili wameziba njia kwa pipa na gogo. Salamu za askari kwa kawaida zilikuwa za Abdulghani. Kiswahili chake alikirithi kwa babu aliyepanda bara na misafara ya biashara, na askari walipenda kuitwa afande kwa ulimi mzuri namna ile. Lakini wazo likamjia, na alilipenda kwa werevu wake: kama Dawudi ni wao watamjua tu, nami nitaona kwa macho yangu.

"Dawudi," alisema, "leo zamu yako."

"Mimi hapana weza, Ghani. Wewe enda."

"Kila mtu husalimu. Au kuna jambo?"

Dawudi alimtazama. Askari walikwisha kuwaona, na kurudi nyuma kungekuwa kutafuta risasi. Akatangulia, akitembea.

Waliobaki nyuma wakamwona askari mmoja akisimama, akifungua mikono, akimkumbatia Dawudi kama ndugu. Abdulghani alimgusa Owuor ubavuni. Alifurahi, tena alifurahi sana, kama mgonjwa aliyeambiwa hatimaye jina la ugonjwa wake. Wakasogea, ndipo wakasikia.

"Komakech! Komakech wa mizinga! Sisi nasema wewe nakufa zamani."

Furaha ikamkauka. Komakech ni jina la Kiacholi. Nani asiyejua jinsi askari wa Kiacholi walivyouawa na wenzao makambini baada ya mapinduzi? Yeye mwenyewe alinong'onezwa juu ya meza ya duka. Mkono wa yule askari haukutoka shingoni mwa Dawudi. Ulikuwa umeanza kukaza. Mwenzake alikwisha kuinua bunduki. Maskini, hakuwa akipeleleza mtu. Alikuwa akitafuta njia ya kutoka, na mdomo aliufumba kwa sababu ungetaja kabila lake na kazi yake kwa neno moja.

"Hawa watu yako?" askari aliuliza.

"Hapana. Mimi hapana jua hawa. Nakuta wao hapa njiani." Hakugeuka hata kuwaangalia.

Askari akamkabili Abdulghani. "Na wewe, najua huyu?"

Akilini alimwona Shamsia amekaa na mke wa kinyozi, wote wawili wakingoja.

"Simjui, afande," alisema, kwa Kiswahili chake kile kizuri.

Wakaruhusiwa kupita, Dawudi akabaki mikononi mwa askari. Walikimbia mpaka pipa likapotea nyuma ya migomba. Owuor, ambaye miaka yote alikimbia begani kwake, alikuwa amehamia ukingo wa pili wa njia. Abdulghani alimsogelea, Owuor akasogea zaidi, mpaka akawa anakanyaga maharagwe ya watu.

"Owuor, mimi sikujua," alisema Abdulghani.

Owuor alisimama, jasho likimtiririka, akamwangalia kuanzia viatu hadi usoni.

"Ghani," alisema, "wewe ni mtu wa nani?"