Bima ya Vitu Vizito

Mwenye nyumba humjua mpangaji siku anapohamia, kwa kuangalia anachoshusha. Marguerite alipokuja kupanga chumba changu cha mbele hapa Kamembe, Rwanda, mwaka wa 1997, hapakuwa na gari wala mkokoteni wa kushusha kitu. Alijitua mzigo mmoja kichwani: godoro jembamba lililokunjwa, sufuria mbili ndani ya beseni, na cherehani ya mkono iliyofungwa kwa kitenge.

Miaka saba baadaye vitu vyake vilikuwa vilevile. Alikuwa fundi hodari wa nguo na kodi yake haikuchelewa, lakini hakununua hata kabati. Kitu asichoweza kujitwika mwenyewe, bila kusaidiwa, hakikuingia kwake.

Sikumuuliza sababu. Sisi tuliozaliwa Kongo na wazazi Wanyarwanda tunazijua sababu hizo bila kuulizana. Vita vilipofika Bukavu mwaka wa 1996, Marguerite aliacha kitanda cha mbao nzito, kabati lenye kioo, na cherehani ya miguu ya chuma aliyoachiwa na mama yake. Alivuka daraja la mto Rusizi, mpakani, na alichoweza kubeba.

Mwanzoni mwa mwaka 2004 akaja Concessa, mwalimu mkuu wa shule moja ya Mururu. Alitaka fundi wa kushona sare za shule nzima, muhula baada ya muhula. Kwa mwanamke aliyekuwa akiishi kwa kuweka viraka na kupunguza suruali za watu, hiyo ilikuwa kazi ya kubadilisha maisha. Lakini haikuwezekana kwa cherehani ya mkono. Ingehitaji cherehani ya miguu na meza kubwa ya kukatia. Tena Concessa alikuwa na sharti.

"Mwaka jana vitambaa vyetu viliungua ndani ya chumba cha fundi mmoja," alisema. "Wazazi walilipa mara mbili. Safari hii fundi lazima awe na bima. Nipe jibu kabla ya Jumatatu."

Mpangaji wa chumba cha pili, Ntabaza, ambaye hutengeneza redio, alisikia yote. Yeye husikia yote.

"Maman Marguerite, usitoe makuta ya bure, pesa ni ngumu," alisema, akininyooshea kidole. "Papa Harerimana alishalipia nyumba yote asiransi, ndiyo hiyo bima. Siye tuko ndani ya nyumba. Basi na siye tumelipiwa. Hata soksi zangu!"

Nikaona heri tumwite mwenye kujua. Jumamosi alikuja Niyonsenga, kijana wa kampuni ya bima, mzaliwa wa Mururu. Akaketi kwenye benchi mbele ya mlango wa Marguerite.

"Bima ya Mzee ni ya kuta na mabati," alieleza. "Nyumba ikiungua, yeye anajengewa. Vilivyo ndani ni vya wenyewe. Soksi za Ntabaza tutaziombea."

"Na ya bitu byangu ni bei gani?" Marguerite akauliza.

"Kwa mwaka mzima, kama bei ya mfuko wa mchele wa Bugarama. Ule mkubwa. Na vitambaa vya shule vitakuwamo."

Marguerite alifikiri kidogo. "Zamu yangu itafika mwezi gani?"

Niyonsenga hakuelewa. Mimi nilielewa. Wanawake wa Bukavu wana mchezo wao, likirimba: kila mmoja anatia fungu lake, na kila mwezi mmoja anachukua lote. Marguerite alidhani bima ni likirimba ya watu wenye ofisi. Nikamweleza kijana.

"Hapana, Maman," akasema. "Hii haina zamu. Unaomba yako isifike."

"Minalipa, halafu minaomba nisipate?"

"Ndiyo."

Ntabaza alicheka hadi akashika ukuta. "Yesu na Maria! Hata padri hawezi kukusanya sadaka namna hii!"

"Cheka tu," Niyonsenga akamwambia. "Kwetu Mururu mgonjwa hubebwa kwa ngobyi, machela ya kusukwa, mpaka hospitali, wanaume wakipokezana mabegani. Baba yangu alibeba wagonjwa wa kilima kizima, na yeye mwenyewe hakubebwa hata siku moja. Umemsikia akidai?"

"Sasa alipata nini?" Marguerite akauliza, na hakuwa anatania.

"Kila mara mama alipokuwa na mimba, baba alijua mabega ya watu yapo."

Niliona Marguerite amekaribia kukubali. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa.

"Na vita?"

Niyonsenga angeweza kulikwepa, alihitaji wateja. Hakulikwepa. "Moto, wizi, maji ya mvua, vimo. Vita havimo, Maman. Hakuna kampuni inayolipa vita."

"Haya!" Ntabaza akasema. "Muntu anaogopa simba, unamuuzia dawa ya panya."

Marguerite aliinuka akaingia ndani. Niyonsenga akaondoka bila saini, na mimi nikajua kwamba Concessa angepata fundi mwingine.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nasafisha mfereji wa mabati. Marguerite akaja kunishikia ngazi.

"Papa, mi nimewaza," alisema. "Moto haunitishake. Mwizi hanitishake. Miaka yote hii minaogopaka kitu moja tu, na ile kitu hakuna muntu atanilipa. Hata nikilala na cherehani ku kichwa, haitanilipa. Ni kusema ninaishi sawa muntu mwenye atakimbia kesho. Nimechoka. Nataka niogope moto, sawa batu bengine."

Nilishuka, nikamtafuta Niyonsenga kabla hajaenda misa ya pili. Marguerite akatia saini, na Concessa akapata jibu lake.

Cherehani ya miguu iliingia wiki ileile, kuukuu lakini nzima, imebebwa na wanaume wawili wenye kuhema. Meza ilitengenezwa na Dusabimana, seremala wa Gitambi, ambaye aliiunga ndani ya chumba kwa sababu haikupita mlangoni.

"Mzee, ujue," Dusabimana aliniambia akifuta jasho, "hii haitoki tena bila msumeno."

"Marguerite," nikaita, "siku ukihama nitaifanyia nini?"

"Papa, unanifukuza?"

"Sikufukuzi."

"Basi mwache muntu apige misumari."

Alikata sare miezi yote ile ya mvua. Mwishoni mwa Mei, asubuhi, tukasikia milio ya bunduki kutoka ng'ambo ya mto. Bukavu ilikuwa inapigana tena. Milio iliendelea siku ile na siku zilizofuata. Katika nyumba yangu kila mtu alianza kufunga mizigo. Ntabaza alizikusanya redio za wateja ndani ya shuka.

"Maman, funga bitu! Unangoja nini?"

Marguerite alisimama katikati ya chumba, mkono juu ya gurudumu la cherehani. Aliitazama ile cherehani, akaitazama meza, akautazama mlango. Mashati ya kaki yalikuwa yamekatwa, yamepangwa, hayajaunganishwa.

"Papa, hii ndiyo hawalipi, si ndiyo?"

"Ndiyo yenyewe," nikasema.

"Nilijua tangu mwanzo." Akavuta kiti, akakaa, akaanza kushona. Mshono wa kwanza ulienda kombo. Akaufumua, akaanza upya.

Alasiri watu walianza kupanda kutoka darajani. Mwanamke mmoja alisimama langoni mwetu, mzigo kichwani na mtoto mgongoni, amechoka hata kujitua hawezi. Marguerite alitoka, akamtua, akauweka mzigo juu ya meza, katikati ya kaki.

"Jina yako?"

"Mwavita."

"Leta mutoto, Mwavita. Kaa."

Mwavita aliangalia pande zote kama mtu anayetafuta njia. "Hii meza yote! Mukikimbia munaipitishaka wapi?"

"Haipite."

"Sasa?"

"Sasa unajua kushona bifungo?"

Mwavita alijua, au alisema anajua. Alishona vifungo siku zote zile, mtoto akilala juu ya marobota ya kitambaa cha buluu. Ntabaza alifungua shuka lake kimyakimya na kuwasha redio moja, tusikie habari. Vita havikuvuka mto. Milio ilipotulia, Mwavita alirudi kumtafuta mumewe, akampata.

Kabla ya likizo Concessa alikuja kuchukua sare. Wiki iliyofuata alirudi na mashati kadhaa mkononi: vifungo alivyoshona Mwavita vilikuwa vimekazwa mno, watoto hawakuweza kuvifungua, wakavuliwa mashati kwa kuvutiwa kichwani. Marguerite aliyapokea, akacheka, akachukua mkasi.

"Muhula wenye kuja, Maman," akamuuliza, "batoto ni wangapi?"